Shafti iliyokuwa haijapoa

Mwanangu,

Umeniuliza kama umwombe msimamizi akutoe karakana akuhamishie ofisi ya usanifu, maana wiki ya tatu sasa unapima vyuma na kuandika namba, wakati wenzako wa mafunzo wanachora kwenye kompyuta. Nitakujibu, lakini ngoja kwanza nikueleze habari ya ile maikromita, kile kifaa cha kupimia unene wa vyuma, iliyo kabatini kwangu, ile baba yenu aliyowakataza kuichezea.

Nilikuwa mwanafunzi kama wewe, kiwanda cha mashine. Zamu inakaribia kwisha, fundi mkerezaji akaitoa kwenye mashine ya kukereza shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka, kipenyo milimita 80 pale panapokaa beringi, ile pete ya chuma inayoubeba. Mchoro ulitaka izidi 80 kidogo tu, kati ya 0.002 na 0.021, ili beringi ikae kwa kubana. Nikapima: 80.012. Nikaandika, nikatia saini. Fundi akaniambia, "Iache ipoe, binti." Nilikuwa na glavu mikononi, sikuhisi joto lolote. Nikamjibu kwamba namba ni namba.

Na hesabu yenyewe nilikuwa naijua! Chuma cha pua cha mita moja hurefuka kama milimita 0.012 kwa kila nyuzijoto moja, ndiyo maana vipimo vya michoro huhesabiwa katika nyuzijoto 20. Shafti ile ilikuwa na joto la ziada la nyuzi kama 30. Piga mwenyewe: ikipoa inapungua karibu 0.03. Asubuhi beringi ambayo ilipaswa kupashwa moto ndipo iingie, iliteleza yenyewe kama pete ya mtu mzima kwenye kidole cha mtoto.

Mkubwa wa zamu akauliza nani aliyekereza. Hakuuliza nani aliyepima. Fundi akasema, "Mimi." Basi. Daftari lenye saini yangu lilikuwa mezani, hatua mbili kutoka niliposimama, nami nikanyamaza.

Miaka mingi nimejiambia nilikuwa mwanafunzi tu, nani angenisikiliza. Si kweli. Wangenisikiliza. Ripoti yangu ikapata alama nzuri, na siku ya kuondoka yule mzee akanipa maikromita yake, imeviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Hakusema neno. Afadhali angenigombeza.

Ndiyo maana nimewaimbia tangu mkiwa wadogo: mkono utangulie, kalamu ifuate. Unayechora shafti bila kuwahi kuishika ikiwa imetoka kukerezwa, unachora nini?

Lakini huenda nakulipisha deni langu. Usanifu nao ni kazi, tena ngumu, na miezi ya mafunzo ni michache. Anayepanga ile 0.002 na 0.021 hukaa huko ofisini, na asipoijua kazi yake hakuna fundi wa kumwokoa. Ukiona huko ndiko unakoelekea, una haki ya kuomba. Hata hivyo mkono, mwanangu, mkono utangulie.

Nilikuwa nimeandika "baki", nikalifuta. Uamuzi ni wako, na kuuacha mikononi mwako kunaniwia vigumu kuliko unavyodhani.

Ila ukijibu, niambie jambo moja. Huyo fundi ambaye unapima kazi zake kila siku, anaitwa nani? Barua yako ina kurasa tatu na hujamtaja jina.

Mama yako