Hujala? Ndiyo. Hujala? Hapana. Nani ameshiba?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Wa mwisho ana miaka tisa na anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza. Juzi jioni nilimwuliza, "Hujafanya kazi za shule?" Akanijibu, "Hapana." Nikamwacha akacheze na wenzake, maana nilielewa kwamba keshazifanya. Usiku nafungua mkoba, daftari jeupe! Nilipomgombeza akalia, akasema, "Mama, si nilikwambia hapana?" Baba yake anacheka tu, anasema mtoto yuko sahihi. Tuamulie mwalimu: nani kakosea? Na hiyo "hapana" maana yake hasa ni nini?

Jibu: Marahaba, mama. Kwanza mfute mtoto machozi, hakukudanganya. Na baba yake naye asicheke sana, kwa sababu wewe pia uliyaelewa maneno kama Kiswahili kinavyotaka yaeleweke. Mtoto alisema Kiswahili mdomoni, Kiingereza kichwani. Anakaa na Kiingereza tangu asubuhi hadi saa kumi, kwa hiyo haishangazi.

Kiingereza kina "yes" na "no". Anayejibu kwa maneno haya haangalii swali limeulizwaje, anaangalia jambo lenyewe. Kama jambo halikufanyika, ni "no", uwe umemwuliza "Umefanya?" au "Hujafanya?" Kama limefanyika, ni "yes" kote kuwili. Mtoto wako hakuwa amefanya, akachukua "no" yake, akaivalisha kanzu ya "hapana", akakupa.

Kiswahili kinakwenda njia nyingine. Likate neno "ndiyo" ulitazame ndani: ndi-yo. Ni neno lile lile la "hii ndiyo nyumba yangu" na "maneno yake ndiyo haya". Linathibitisha. Ukimjibu mtu "ndiyo" umemwambia: hayo uliyosema ndiyo. Mwenzake ni "siyo": hayo uliyosema siyo. (Ndiyo maana nasisitiza iandikwe kwa "y" inapokuwa jibu. "Ndio" ni ya "hawa ndio wageni" na "mti huu ndio mwembe".) Basi mtu akiulizwa "Hujala?" naye tumbo linanguruma, Kiswahili cha mama zetu humjibisha "Ndiyo, sijala," yaani umesema kweli, sijala. Mwingereza akisikia hivyo huchanganyikiwa: ndiyo, halafu sijala? Kwake ni kama mtu anayefunga mlango na kuufungua kwa mkono mmoja. Kwetu hakuna mgongano wowote. "Ndiyo" inayahukumu maneno ya muulizaji, na "sijala" inaeleza habari za tumbo.

Kwa sheria hiyo, "hapana" baada ya "Hujafanya?" inayakanusha maneno yako: si kweli kwamba sijafanya. Kwa hiyo uliposikia "hapana" ukamwacha acheze, ulielewa sawasawa.

Wala usidhani sisi peke yetu ndio tulio hivi. Mjapani naye akiulizwa swali la kukanusha hujibu kama sisi: "hai" yake inakubali maneno aliyoulizwa. Mfaransa ameona tatizo, akaweka neno la tatu, "si", la kumbishia anayeuliza kwa kukanusha. Mjerumani ana "doch" kwa kazi hiyo hiyo. Mwarabu ana "balā", na hapa wasomaji wa pwani watakuwa wameshanitangulia. Katika Kurani, Sura ya Al-A'raf, aya ya 172, roho za wanadamu zinaulizwa, "Je, Mimi si Mola wenu?" Nazo zinajibu "balā". Wafasiri wa Kurani wanamnukuu Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akisema kwamba lau wangejibu "na'am", wangekufuru. Kwa nini? Kwa sababu "na'am" ingekuwa imekubali maneno kama yalivyo: naam, Wewe si Mola wetu. Sisi tulichukua "naam" kutoka Kiarabu, tukachukua na "la", lakini "balā" tuliiacha hukohuko. ("Balaa" tuliyo nayo ni neno jingine, na kila mtu anayajua mambo yake.)

Hata Waingereza wenyewe zamani walikuwa na mpango wa maneno manne. Swali la kawaida lilijibiwa "yea" au "nay", swali la kukanusha likajibiwa "yes" au "no". Yaani "no" ilizaliwa na kazi maalumu, haikuwa ya kila mahali. William Tyndale alipotafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza, lililochapwa mwaka 1526, mwanasheria Mkatoliki Thomas More alimshambulia katika kitabu cha mwaka 1532 kwa makosa mengi, na mojawapo lilikuwa kwamba hajui tofauti ya "no" na "nay". Watu wakubwa, wanagombania herufi chache. Wote wawili waliuawa, More mwaka 1535 na Tyndale mwaka uliofuata, ingawa si kwa sababu ya sarufi. Baadaye "yea" na "nay" zikafifia, "yes" na "no" zikabeba mizigo yote. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Kiingereza ndicho chenye mantiki na Kiswahili kimekaa kombo, mwambie Kiingereza kilikuwa na chombo cha kutatua jambo hili kikakitupa.

Sasa "hapana" yenyewe. Hapa nakuomba uvumilivu kidogo, maana ndipo ninapopapenda.

"Hapana" asili yake si jibu. Ni kitenzi cha mahali: ha-pa-na. "Ha" ya kukanusha, "pa" ya mahali palipo dhahiri, "na" ya kuwa na. Mezani hapana kitabu. Ina ndugu wawili: "hakuna", ya mahali pasipo na mpaka kamili, na "hamna", ya ndani. Mjini hakuna maji, mtungini hamna maji, na hapa ninapokaa hapana hata kikombe cha kuyanywea. Dalili kwamba ni kitenzi ni kwamba inabadilika kwa nyakati: hapana mtu, hapakuwa na mtu, hapatakuwa na mtu. Kama lingekuwa neno la kujibia tu, lisingeweza kufanya hivyo. Jaribu kuiweka "no" katika wakati uliopita uone.

Ukale huo umebaki katika semi. Tunasema "hapana shaka" na "hapana budi", na wazee husema "hapana marefu yasiyo na mwisho", wala hakuna anayejibiwa swali hapo. Watu wengi siku hizi huweka "hakuna" katika methali hizo, si kosa, lakini mimi sikio langu bado linadai "hapana".

Nani basi aliyeifanya "hapana" iwe kitambaa cha kupangusia kila kitu? Lawama zisimwangukie mtu mmoja. Neno lilikuwa limeshaanza kutumika kama jibu kamili, na si ajabu: ukiulizwa "Pana maji hapo?" jibu ni "Hapana." Ila walowezi wa Kenya waliligeuza kuwa kukanusha kote. Kiswahili chao, kile tunachokiita Kisetla, kilikimbia vitenzi vyetu kama mtu anavyokimbia siafu. Sitaki, hutaki, hataki, sikutaka, sijataka: vyote hivyo vikawa "hapana taka". Mimi hapana taka, wewe hapana jua, yeye hapana kuja. Mpishi alielewa, chakula kikaja, na bwana akaamini anajua Kiswahili. Ukisoma tafsiri fulani za siku hizi, hasa zilizofanywa na mashine, utaona mzimu wa Kisetla bado unatembea.

Na mzimu mwingine ni wa "no" inayotangulia jina. Mwingereza husema "nobody came", akiweka kukanusha kwenye mtu na kukiacha kitenzi salama. Mfasiri wetu mvivu anaandika "Hakuna mtu aliyekuja". Sarufi haikuvunjika, na ukitaka kukazia unaweza kusema hivyo. Lakini Kiswahili kinachotoka jikoni ni "Hakuja mtu". Kukanusha kwetu kunakaa kichwani mwa kitenzi, mwanzoni kabisa, msikilizaji anajua mapema mambo yamekwendaje. "Hakusema neno" inatosha pale magazeti yanapoandika "hakuna kitu chochote alichosema". Kwenye kuta zetu nako, ambako Mwingereza angebandika "no" ya jambo fulani, sisi tunamkabili mhusika moja kwa moja: "Usikojoe hapa." Hiyo haihitaji mfasiri.

Tukirudi kwenye majibu: Mswahili mzoefu hatumii sana "ndiyo" wala "hapana" zikiwa peke yake. Msikilize bibi yeyote. "Umekula?" "Nimekula." "Unakwenda sokoni?" "Siendi leo." Anakurudishia kitenzi kikiwa kimeshajibu. Ndiyo maana ugomvi kama wenu haukuwa ukitokea sana zamani, maana kitenzi hakina utata. Na ikiwa muulizaji amekanusha na wewe unataka kumbishia, tunalo neno linalofanya kazi ya "doch" ya Wajerumani, ila hatujawahi kulipa heshima yake: "mbona". "Hujala?" "Mbona nimeshakula!" Ndani ya "mbona" kuna kubisha, kuna na kushangaa kidogo kwamba umedhani hivyo. Wengine husema "Kwa nini nisile?" nayo ni "nimekula" iliyovaa kilemba.

Pia kukataa kwetu hupenda kupita mlango wa nyuma. Ukikaribishwa chakula na hutaki, huwezi kusema "hapana" kavu hivyo, utaonekana hukufunzwa. Utasema "starehe", au "asante, nimeshiba" hata kama umeshiba maji. Binti akiulizwa "Umeolewa?" hasemi "hapana", anasema "bado". Neno hilo Kiingereza hulitafsiri kwa taabu, kwa sababu linakataa bila kufunga: leo la, kesho Mungu ndiye ajuaye. Kuna wazee wa miaka themanini wasio na mtoto wanaojibu "bado", na hakuna anayecheka. Kwa upande wa pili, tukikataa kwa dhati "hapana" haitutoshi. Hapo ndipo zinapotoka "hata!", "hasha!", "thubutu!", na "ng'o!", ambayo haina adabu lakini haina mashaka pia.

Jambo hili linachekesha, lakini kuna mahali halichekeshi. Kwa miaka mingi katika mahakama za Tanzania, kuanzia za wilaya kwenda juu, shahidi alisema Kiswahili na kumbukumbu zikaandikwa Kiingereza, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kukipa Kiswahili nafasi. Fikiria wakili anauliza, "Hukumwona mshtakiwa usiku ule?" Shahidi anajibu, "Ndiyo." Kwake maana yake ni kwamba hakumwona. Kalamu ikiandika "yes" ikaishia hapo, karatasi inasema alimwona. Zahanati ni vivyo hivyo: "Huna mzio wa dawa yoyote?" "Ndiyo." Muuguzi aliyesoma kwa Kiingereza anaweza kuandika nini? Ningekuwa na uwezo ningewakataza wakalimani na wauguzi wote wasipokee "ndiyo" au "hapana" kwa swali la kukanusha mpaka kitenzi kitajwe.

Basi hukumu yangu, mama. Kwa Kiswahili fasaha, jibu la mwanao lilikosea. Lilitakiwa kuwa "Ndiyo, sijafanya," au "Sijafanya" peke yake. Lakini sitajifanya sioni kinachotokea. Vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi leo wanajibu kama yeye, na baadhi ya watu wazima wanachanganya mitindo yote miwili siku hiyohiyo. Huenda siku moja wao ndio watakaokuwa wengi. Mimi sifurahii, ila lugha haikuniuliza. Kwa sasa madhali "hapana" yao na "hapana" yetu zinagongana, anayeitoa ikiwa tupu anamwachia msikilizaji kazi ya kubahatisha, na wewe ulibahatisha vibaya.

Kosa lako wewe ni dogo: uliuliza kwa kukanusha. Wazazi tunapenda "hujafanya?" kwa sababu ina lawama ndani yake tayari. Kesho muulize "Umefanya?" na usipokee jibu lisilo na kitenzi. Akisema "Nimefanya", fungua mkoba uone. Akisema "Bado", hapo amejibu Kiswahili chenyewe hasa, mpe pongezi zake kwanza, kisha mwonyeshe ilipo meza.