Florida Yarusha, Houston Yasikiliza: Maswali Yenu Kuhusu Vituo vya NASA

Tangu nilipogusia safari za Mwezini, wasomaji wengi mmeniuliza: NASA iko wapi hasa? Makao makuu ya shirika hili la anga la Marekani yako Washington, lakini kazi yenyewe imegawanywa kwa vituo 10 vilivyotapakaa kutoka Virginia hadi California. Kila kituo kina ufundi wake, na vingine ni vikongwe kuliko NASA yenyewe. Leo najibu maswali sita.

Roketi zinarushwa Florida. Mbona wanaanga huita "Houston"?

Kurusha ni kazi moja, kuongoza safari ni nyingine. Kituo cha Kennedy, pwani ya Florida, huunganisha roketi, huijaza mafuta na kuhesabu hadi sifuri. Jengo lao la kuunganishia lina kimo cha mita 160, maana lilijengwa kwa ajili ya Saturn V, roketi ya safari za Mwezini iliyosimama wima mita 110. Ile roketi ikishaupita mnara wa kurushia, uongozi unahamia Kituo cha Johnson kule Houston, Texas. Pale huketi watu ambao kila mmoja amekabidhiwa kitu kimoja: huyu umeme, yule hewa ya kupumua, mwingine njia ya chombo. Anayezungumza na walioko angani ni mmoja tu, na kwa desturi ni mwanaanga mwenzao. Wakianza kusema wote kwa pamoja, aliye hatarini hatajua amsikilize nani. Houston imekuwa na jukumu hilo tangu safari ya Gemini 4, Juni 1965.

Johnson ndiko wanaanga wanakofundwa pia. Wana bwawa lenye urefu wa mita 62 na kina cha mita 12, ambamo mtu aliyevaa vazi la anga hujizoeza kufanya kazi akielea. Tena ndiko yanakotunzwa mawe mengi kati ya kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa kutoka Mwezini na safari za Apollo.

Kwa nini Texas? Mwaka 1961 palitafutwa mahali penye njia ya maji, hali ya hewa isiyo kali na chuo kikuu jirani, na ardhi ikapatikana kupitia Chuo Kikuu cha Rice. Lakini Makamu wa Rais wakati huo, Lyndon Johnson, alikuwa mtu wa Texas, na mbunge wa Houston alikuwa na sauti kubwa kwenye bajeti. Lazima hilo lisemwe. Ramani ya vituo hivi ilichorwa na wanasayansi wakishirikiana na wanasiasa.

Kuna "kituo cha utafiti" na "kituo cha safari za anga". Tofauti ni jina tu?

Hapana, japo mipaka huvukwa kila siku. Vituo vya utafiti vilirithiwa. NASA ilipoanza kazi tarehe 1 Oktoba 1958, ilimeza kamati ya serikali ya utafiti wa ndege iliyoundwa mwaka 1915, pamoja na maabara zake: Langley ya Virginia, Ames ya California, na ile ya Cleveland, Ohio, ambayo leo inaitwa Glenn. Hawa swali lao la kwanza ni "Je, jambo hili linawezekana?" Vituo vya safari, kama Goddard ya Maryland na Marshall ya Alabama, huulizwa jambo gumu kwa namna nyingine: kitajengwaje, kitakamilika lini, kitagharimu kiasi gani, na kitafanya kazi?

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Ames. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watu wengi waliamini chombo chenye kasi kubwa lazima kichongoke kama mkuki. H. Julian Allen akaonyesha kuwa kwa chombo kinachorudi kutoka anga za juu, mambo ni kinyume: kiwe butu. Umbo butu husukuma wimbi la mshtuko mbele yake, na sehemu kubwa ya joto hubaki hewani badala ya kukiunguza chombo. Wakati huo hapakuwa na mwanaanga hata mmoja duniani. Wazo lilikaa likisubiri safari, na safari zilipokuja, vibweta vya Mercury, Gemini na Apollo vyote vilirudi vikitanguliza upande butu. Orion, chombo cha leo cha wanaanga, ni vivyo hivyo.

Glenn nao walihangaika miaka mingi na injini za ioni, ambazo msukumo wake ni dhaifu sana lakini zinaweza kuwaka kwa maelfu ya saa. Injini za aina hiyo ndizo zilizokiwezesha chombo cha Dawn, kilichorushwa mwaka 2007, kuzunguka Vesta kisha kuhama kwenda kuzunguka Ceres, magimba mawili yaliyoko kati ya Mirihi na Mshtarii.

Wanaoendesha magari ya Mirihi ni watumishi wa serikali?

Si watumishi wa serikali. JPL, maabara ya Pasadena, California, inagharamiwa na NASA lakini inaendeshwa na chuo kikuu cha Caltech, na wafanyakazi wake wameajiriwa na chuo hicho. Ilitokana na majaribio ya roketi ya miaka ya 1930, ikawa chini ya jeshi, na mwishoni mwa 1958 ikahamishiwa NASA. Kazi yake kuu ni vyombo visivyo na watu: Voyager zote mbili za 1977, Curiosity, Perseverance. Ndio pia wanaosimamia antena kubwa za California, Hispania na Australia, zilizopangwa kuizunguka Dunia ili chombo cha mbali kisikose wa kukisikiliza.

Injini za roketi zinajaribiwa wapi? Makelele yake hayasumbui watu?

Zinajaribiwa Kituo cha Stennis, Mississippi, na swali lako la pili linagusa jambo ambalo huwa halisemwi vya kutosha. Makelele yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilitenga eneo pana kuzunguka majukwaa ya majaribio lisiishi mtu. Familia zipatazo 660 zilihamishwa. Vijiji vitano, Logtown na Gainesville vikiwemo, vilitoweka, pamoja na makanisa, shule na maduka yake. Tunapowashangilia waliotua Mwezini, naona ni haki tuwakumbuke na hao walioacha makwao.

Faida ya kujaribu chini kabla ya kuruka ilionekana wazi Januari 2021. Sehemu kuu ya roketi mpya ya SLS, iliyoundwa New Orleans chini ya usimamizi wa Kituo cha Marshall, ilifungwa kwenye jukwaa la Stennis na injini zake nne zikawashwa pamoja. Zilitakiwa kuwaka kama dakika 8. Zilizimika baada ya sekunde 67. Mafundi walitafuta sababu, wakarekebisha, na Machi wakawasha tena. Safari hii zikawaka hadi mwisho. Ndipo mzigo ukapakiwa kwenye tishari na kupelekwa Florida kwa njia ya maji, kwani kitu kikubwa namna hiyo hakipiti barabarani. Roketi ikaruka Novemba 2022.

Nasikia NASA inashughulika na ndege pia. Ni kweli?

Kweli kabisa, na herufi ya kwanza ya A katika jina lake (Aeronautics) inahusu usafiri wa ndege. Kituo cha Armstrong, kwenye jangwa la California, hurusha ndege za majaribio juu ya ziwa lililokauka ambalo ni kiwanja cha kutulia cha asili. X-15, ndege ya majaribio yenye injini ya roketi, ilifikia kasi ya kilomita 7,274 kwa saa hapo mwaka 1967. Na ukipanda ndege ya abiria, tazama ncha ya bawa iliyopinda kuelekea juu: Richard Whitcomb wa Langley ndiye aliyeifanyia utafiti, na jangwani huko ikajaribiwa angani. Inapunguza mafuta yanayotumika.

Ni kweli kuna setilaiti ya NASA iliyopewa jina la Kiswahili?

Ni kweli, na nimefurahi mmeuliza. Goddard, kituo kilichoko Maryland, hutengeneza na kusimamia setilaiti za sayansi na darubini za anga. Mwaka 1970 walikuwa na setilaiti ya kwanza iliyokusudiwa eksirei za nyota peke yake. Ilifaa irushwe karibu na ikweta: Dunia hapo huzunguka kwa kasi zaidi na kuisaidia roketi, na njia ya juu ya ikweta huikwepesha setilaiti na mionzi ambayo ingevuruga vipimo. Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia baharini, San Marco, karibu na Malindi, Kenya. Roketi ya Scout, mradi uliokuwa chini ya Langley, ikapelekwa huko.

Iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend wa Goddard, aliyeuongoza mradi, akaiita Uhuru, kwa heshima ya wenyeji waliowapokea. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei, yaelekea ni shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Setilaiti ilinyamaza Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei, na hadi leo wanaastronomia hukiita kila kimoja kwa namba inayotanguliwa na 4U, ambapo U ni Uhuru.