Muulize Fundi: Paneli ya wati 300 inayobebwa kwapani

Jamani, mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya betri za sola kufa mapema, basi imekuwa kama nimefungua bomba. Meseji zilizokuja karibu zote ni sola na nyingi zinaishia na swali lile lile, fundi nipate wapi paneli ya bei rahisi. Nimechagua tano. Waliouliza duka gani wanisamehe, mi sitaji maduka hapa, nitawaambia namna ya kuikagua paneli ukiwa bado umesimama kaunta na hela bado iko mfukoni kwako.

Fundi shikamoo. Mi ni kinyozi, niko Kahama. Nilinunua paneli ya wati 300 kwa laki na ishirini, niliona kama nimeokota, nikaibeba mwenyewe kwapani mpaka stendi. Saluni ina mashine mbili za kunyolea, TV ya inchi 32, redio yenye sabufa na taa tatu. Ikifika saa nane mchana inveta inalia tii tii kila kitu kinazima, na betri ni mpya kabisa, N100. Fundi aliyefunga anasema tatizo paneli, muuzaji anasema tatizo fundi. Nimeipima ina mita moja kwa sentimita 67. Nani muongo?

Marahaba kijana wangu. Jibu umeshaliandika mwenyewe, ni hapo uliposema kwapani.

Jua la saa sita likipiga sawasawa kwenye mita mraba moja linaleta kama wati 1000, na paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama asilimia 20 mpaka 22 ya hilo jua kuwa umeme, hakuna ya dukani inayogeuza nusu hata ukiombewa dua. Kwa hiyo wati 300 za kweli zinahitaji karibu mita mraba moja na nusu, yaani kitu kinachokaribia mlango wa chumba. Ya kwako ni mita mraba 0.67, hata ingekuwa ya daraja la juu kabisa ingeishia wati 140 na ushee, na kwa hizi za bei hiyo mi nasema una wati 100. Muuzaji ndo muongo, au na yeye kadanganywa na aliyemuuzia jumla, stika inabandikwa na mtu yeyote mwenye printa.

Siku nyingine nenda na futi kamba na maltimita (kile kipimo cha umeme), hata ile ndogo ya bei poa. Geuza paneli usome stika ya nyuma, kuna Vmp (volti paneli ikiwa kazini) na Imp (ampea zake), zizidishe hizo mbili lazima upate wati walizoandika mbele. Nimeshaona stika imeandikwa wati 200 halafu volti 18 mara ampea 5.5, hiyo ni 99, hata kudanganya hawajui. Kama stika imekaa vizuri basi omba muitoe nje juani, muda mzuri ni kati ya saa tano na saa nane, weka maltimita kwenye ampea za DC (umeme wa sola na betri), tumbukiza waya kwenye lile tundu la 10A na uguse nyaya mbili za paneli. Paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 inatakiwa itoe kama ampea 5 na nusu mpaka 6 jua likiwa kali. Ukipata 2 rudisha. Ila paneli kubwa usizipime hivyo maana nyingi zinazidi ampea 10 utaunguza fyuzi ya maltimita, na ukimaliza kupima rudisha waya kwenye tundu la volti, vijana wangu wawili wameshaua maltimita kwa kusahau hilo tu. Muuzaji akikataa kutoa paneli nje, we muage kwa heshima uondoke.

Halafu ile laki na ishirini gawanya kwa wati za kweli. Ulidhani umelipa shilingi 400 kwa wati kumbe umelipa 1,200. Mwingine akikuuzia wati 150 za kweli kwa laki na thelathini utamuona mwizi, kumbe huyo kauza kama 870 kwa wati.

Sasa mzigo wako. Mashine mbili za wati 10 kwa masaa 8 ni wati-saa 160. TV wati 50 masaa 10 ni 500. Redio na sabufa weka wati 30 masaa 10, ni 300. Taa tatu za wati 7 masaa manne ni kama 84. Jumla 1,044 kwa siku, yaani uniti moja na kidogo kwa lugha ya LUKU. Paneli ya wati 100 kwa jua la huko kwenu hesabu masaa matano mazuri, halafu toa asilimia 30 ya hasara (joto, vumbi, nyaya, inveta), unabaki na 350. Ile namba ya kwenye stika inapimwa maabara paneli ikiwa nyuzijoto 25, juu ya bati Kahama inafika 60 na kila nyuzi moja inayozidi inakula kama asilimia 0.35 mpaka 0.4, fanya hesabu mwenyewe. Kwa hiyo unatumia mara tatu ya unachovuna, betri haijawahi kujaa tangu uinunue, na betri ya maji isiyojaa inakufa, hapo fundi wako hana kosa. Ukiongeza zifike wati 300 za kweli unapata 1,050, inatosha kwa siku ya jua tu, mawingu yakikaa siku mbili utarudi kule kule. Kwa hiyo ongeza paneli NA hiyo sabufa ipumzike mchana, wateja wamekuja kunyoa.

Mimi ni mwalimu Ukerewe. Rafiki yangu ananishauri ninunue paneli moja kubwa ya wati 550 kwa sababu bei yake kwa kila wati ni nusu ya hizi ndogo. Nina betri moja ya volti 12 na kontrola ya zamani (kile kiboksi kati ya paneli na betri). Nichukue?

Rafiki yako kasema kweli ila kaishia katikati. Hizi kubwa ndizo zinazotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya mitambo mikubwa, viwanda vya China vimeshusha bei sana miaka hii, kwa hiyo kwa wati hakuna kitu rahisi kama hizo. Kinachokuja kukuumiza ni kontrola.

Paneli ya 550 inafanya kazi kwenye volti kama 41 na ampea 13, na ikiwa haijafungwa kwenye kitu inafika karibu volti 50. Kontrola za zamani na hizi ndogo za rangi ya bluu na nyeusi mnazozijua ni PWM, inachofanya ni kuivuta paneli mpaka kwenye volti ya betri, basi unapata ampea zile zile 13 mara volti 13, wati 170. Umenunua 550 ukapata 170, na hapo ni kama kontrola haijaungua, maana nyingi haziruhusu hizo volti 50. Angalia kwenye maandishi yake imeandikwa mwisho volti ngapi upande wa paneli.

Unahitaji MPPT, yenyewe inabadilisha volti zilizozidi kuwa ampea. Na hapa napo kuna usanii mwingi mwalimu, boksi limeandikwa MPPT ndani PWM. Ya kweli ni nzito kwa sababu ina koili la shaba ndani, ukishika kitu chepesi kama rimoti ya TV na imeandikwa MPPT 60A, cheka. Ukishaifunga pima ampea zinazoingia kutoka kwenye paneli na zinazotoka kwenda kwenye betri, za betri zisipozidi basi si MPPT. Kwa volti 12 utahitaji ya ampea 40, ukiongeza betri ya pili ya aina ile ile ukafanya volti 24 ya ampea 30 inatosha na nyaya zitakuwa nyembamba zaidi.

Usafiri nao. Kitu kina mita 2.3 kwa 1.1 hivi na kilo karibu 28, ni kioo. Kwenye kivuko isafiri imesimama wima imefungwa, isilazwe mtu akaweka magunia ya dagaa juu, seli zinapasuka kwa ndani nyufa ambazo huzioni kwa macho, baada ya miezi utajiuliza mbona umeme umepungua. Kama gharama ya kuifikisha salama inakula faida yote, mbili za wati 200 hazina aibu.

Niaje fundi, nakusoma kutoka Makueni. Nafuga kuku. Nimepata ofa ya sola ya lipa pole pole, deposit 3,000 kisha 60 kila siku kwa siku 400. Nataka iwashe taa na ipashe vifaranga joto. Iko sawa ama naibiwa?

Poa sana mkuu. 60 mara 400 ni 24,000, ongeza deposit ni 27,000. Huibiwi, umenunua kwa mkopo na mkopo una bei yake, kampuni kama M-KOPA zilianza mtindo huu hapo Kenya toka 2012 na nyumba nyingi zilitoka kwenye koroboi kwa njia hiyo. Waulize tu bei ya cash ni ngapi, halafu uone tofauti hiyo unaimudu. Na uliza ukikosa kulipa siku tatu inazima au la, maana nyingi zinazima.

Ila vifaranga hapana. Paneli za mikopo hiyo kwa kawaida ni ndogo, za taa, simu na redio, pengine TV ndogo. Balbu moja nyekundu ya kupasha joto ni wati 250, masaa 12 usiku ni uniti tatu, kuizalisha na kuitunza kwenye betri utahitaji mtambo wa bei inayozidi hao kuku wote. Sola na joto haviendani mfukoni, iwe pasi, jagi la chai au bruda. Vifaranga wape jiko la makaa na uache hewa ipite vizuri, halafu taa ndo iwe ya sola. Siku ukitaka mtambo mkubwa, Kenya mafundi wa sola wanapewa leseni na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, mwambie akuonyeshe yake kabla hajapanda bati.

Nimesoma mtandaoni paneli zinatakiwa ziangalie kusini. Niko Mtwara, nimefunga hivyo. Niko sahihi?

Hapana ndugu, hiyo aliandika mtu wa Ulaya kwa ajili ya Ulaya. We uko kusini ya ikweta, jua muda mwingi wa mwaka linapita kaskazini kwako, kwa hiyo zigeuze kaskazini kwa mlalo mdogo tu, nyuzi 10 mpaka 15, mvua ioshe vumbi. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba mpaka Februari jua linahamia kusini kidogo lakini kwa mlalo huo hutapoteza cha kukunyima usingizi. Kivuli cha mnazi saa nne asubuhi kitakupotezea zaidi ya hapo.

Fundi mimi ni mama wa watoto wanne Kilwa, nataka kuuza barafu kwa wavuvi. Umeme haujafika huku kwetu. Naambiwa friza la sola linataka betri nne na pesa sina. Kuna njia?

Mama yangu, swali lako ndo limenifurahisha kuliko yote. Hizo betri nne zinakupa umeme usiku, na biashara yako haitaki umeme usiku, inataka barafu alfajiri. Barafu yenyewe ndiyo betri. Friza la kifuniko cha juu la DC, lenye kuta nene, linagandisha mchana jua likiwepo na usiku linakaa kimya limefungwa, likijaa pakiti zilizoganda halipati shida mpaka asubuhi ilimradi watoto hawafungui fungui. Betri moja itatosha, ni ya kuilinda mashine isizime zime wingu likipita.

Hesabu yake iko hivi. Kugandisha lita 10 za maji ya kawaida kwa joto la pwani kunakula karibu uniti moja, na friza lenyewe kujitunza ubaridi weka kama 0.7. Paneli moja ya 550 inavuna 1.9 kwa siku nzuri, kwa hiyo ni pakiti 20 hivi za nusu lita. Paneli mbili ni 3.8, unafika lita 30, pakiti 60, hapo hakikisha kompresa inaziweza maana friza dogo lina mwisho wake hata ulipe jua lote. Anza na paneli moja na kontrola inayopokea mbili, ya pili nunua na hela ya barafu.

Na kwa sababu uko baharini mwambie fundi atumie skrubu za chuma kisichoshika kutu na zile plagi za paneli zibanwe mpaka zilie tik, chumvi ikiingia zinaoza. Maji ya kugandisha yaweke ndani saa tatu asubuhi, usiyaweke jioni.