Babu yako alikuwa mtu wa wapi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na zile sauti mbili za mradi wako, ya Mama Mkubwa na ya Mjomba, ulizonitumia kwenye simu nimezisikiliza. Nilikaa nazo uwani usiku watu wamelala, maana sikutaka kuulizwa nasikiliza nini. Unasema Mama Mkubwa kakwambia Babu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Mjomba kakwambia alikuwa Mrundi aliyevuka mpaka, na unataka nikwambie nani kati yao mwongo.

Hakuna mwongo. Ila Mjomba wako kakosea treni, na nianze na hilo kwa kuwa ni jepesi.

Anasema Babu alipandia treni Kigoma akashukia hapa stesheni ya Tanga. Haiwezekani. Reli ya kati na hii reli yetu hazikuungana mpaka 1963, kilipojengwa kipande cha kutoka Ruvu kuja Mnyuzi. Na Mama Mkubwa kazaliwa hapahapa Ngamiani mwaka 1951. Babu mwenyewe nilimsikia mara nyingi akisema: treni mpaka Morogoro, kutoka hapo malori, wamesimama kama mbuzi wa mnadani, mpaka Korogwe. Mjomba 1963 alikuwa na miaka minane, na Babu alimchukua wakaenda stesheni kuitazama hiyo treni ya bara inavyoingia. Kwa hiyo treni kaiona kweli. Alichofanya ni kumpandisha baba yake ndani. Usimsahihishe mbele za watu, tafadhali. Mjomba ni mtu wa Coastal, timu yetu ya mpira, kwake hata goli la kuotea ni halali.

Sasa twende kwenye uzito wenyewe.

Babu aliletwa na Silabu. Hilo ndilo jina watu walilolitumia, ilikuwa ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliyoanzishwa 1944, kazi yake kuwatafuta vibarua Kigoma, Songea, Rungwe na kwingineko na kuwasafirisha hadi mashambani. Mtu akiandikishwa anapewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Anapewa na kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini. Ukimaliza kazi yako ya siku, siku inaandikwa. Usipomaliza, umekata mkonge wa bure, na mshahara hauji mpaka kipande kijae. Babu alikuwa akituonyesha kovu la mwiba wa mkonge chini ya jicho. Akisema miba si kitu, kinachoua ni utomvu, unawasha mpaka usiku mtu anajikuna kwa gunzi.

Kambini watu walipangwa kwa makabila. Waha wa Kigoma safu yao, Wabena safu yao, Wamakonde wa Msumbiji safu yao. Karani akikuuliza kabila anataka kujua akulaze wapi, na unachomjibu ndicho kinachoandikwa. Shamba la kwanza Babu alitoroka. Kisa chake sikijui, alikuwa anasema tu "kulikuwa na neno na nyapara". Akatembea kwa miguu mpaka shamba jingine, na huko hakuweza kujiandikisha kwa jina lilelile na kabila lilelile, angerudishwa. Akasema yeye ni Mnyamwezi. Wanyamwezi walikuwa na sifa ya kazi tangu enzi za misafara ya wapagazi, karani hakuuliza mara ya pili. Haya Mjomba anayajua kwa sababu Babu alimsimulia walipokuwa wakivua pweza, wawili peke yao. Sisi wasichana hatukuambiwa. Mimi nimeyajua ukubwani.

Kwa hiyo Mjomba anasema: umeona, Unyamwezi ni jina la kutorokea.

Lakini msikilize tena Mama Mkubwa, pale dakika za mwisho ambapo wewe ulidhani kaacha mada na kuanza habari za majirani. Hajaacha mada.

Babu aliondoka mkonge akaja mjini, akapata kazi ya uhamali bandarini. Siku zile meli zilitia nanga mbali, mzigo ukapelekwa kwa matishari, na robota moja la mkonge ni kilo 250. Akapanga chumba Ngamiani, nyumba ya bibi mmoja wa Kidigo aliyekuwa na binti, na huyo binti ndiye Bibi yako. Nyumba hiyo ilikuwa dunia nzima. Chumba cha mbele Mshihiri muuza kahawa, kaja na jahazi kutoka Hadhramaut, anaamka kabla ya adhana kuwasha mkaa. Chumba cha kati mama wa Kimakonde mwenye nembo usoni na ndonya mdomoni, watoto wakimwogopa mpaka awape muhogo wa kuchoma. Nyuma Mpare fundi baiskeli. Ng'ambo ya barabara Mgoa mshona suti. Jioni uwani kunanuka mkate wa mofa, bada na dagaa kwa pamoja, na ugomvi ni mmoja tu, zamu ya kisima.

Kabla ya Mama Mkubwa kulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume. Hilo hujawahi kuambiwa. Aliishi miezi minne, homa ikamchukua. Babu alikuwa mgeni, hana ndugu hata mmoja mjini, na mazishi yanataka watu: wa kuchimba, wa kununua sanda, wa kukaa matangani. Wakwe walikuwepo, lakini wakwe ni wakwe, mwanamume anataka upande wake nao uonekane. Wanyamwezi wa Ngamiani walikuwa na umoja wao wa kuzikana, na walikuwa wakimjua yule hamali "Mnyamwezi mwenzetu" kwa jina tu. Walikuja. Wazee wao walikaa siku tatu barazani kama wajomba wa marehemu. Mmoja akamwambia Babu, kwa Kinyamwezi, maneno ya pole, na Babu hakuelewa hata moja. Bibi aliyashuhudia kwa macho yake. Anasema yule mzee alinyamaza kidogo, akamtazama, halafu akayarudia maneno yaleyale kwa Kiswahili, na hakumwambia mtu.

Toka siku hiyo Babu alitoa mchango wa umoja kila mwezi, kafiwa nani, kaumwa nani, mpaka anazeeka. Na alipokufa mwenyewe, 1989, majirani zetu Wazigua walikuja kutania matangani, kumwambia marehemu ainuke alipe madeni yake kwanza, kama mtani anavyomfanyia Mnyamwezi. Watu walicheka huku wanalia. Utani hafanyiwi mtu wa kughushi. Sasa mwambie Mama Mkubwa kwamba baba yake hakuwa Mnyamwezi, uone.

Mrundi au Muha, sasa? Wiki ya mwisho Babu alikuwa akiomba maji kwa lugha ambayo hatukuijua. Anasema "amazi, amazi". Jirani mmoja mwenyeji wa Kasulu alikuja kumjulia hali, akasikia, akamjibu, wakaongea mpaka nikatoka nje kwa aibu ya kuwa mgeni kwa baba yangu. Nikamuuliza yule jirani, huyu ni mtu wa upande gani? Akasema neno la maji ni hilohilo kwa Waha na kwa Warundi, na Babu alimtajia mto Malagarasi, na mto una kingo mbili. Upande wa pili ulikuwa wa Wabelgiji, na wengi waliukimbia wakajiita Waha huku kwa Waingereza. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza Babu mwenyewe. Nilimpa maji.

Unajua kwa nini Mama Mkubwa anapaza sauti kwenye ile rekodi kila ukitaja mpaka? Kuna mwaka alikwenda kushughulikia karatasi zake, na dirishani akaulizwa babu yake alizaliwa wapi, mara tatu, kama mtu aliyeiba. Mwanamke kazaliwa Ngamiani, kazikia Ngamiani. Hofu hiyo si ya kwetu peke yetu. Wamakonde waliokwenda mashamba ya Kwale, hapo Kenya, walikaa vizazi bila kitambulisho mpaka 2016. Kwa hiyo ukimuuliza mzee wa mtaa huu "asili yako wapi", yeye anasikia swali la dirishani.

Muulize mengine. Ulilala wapi usiku wa kwanza? Nani alikukopesha sufuria? Mtoto wako wa kwanza alizikwa na nani? Hapo utapata kabila, na njia aliyopita, na zaidi. Ndiyo maana nakuomba usiifute sauti ya mmoja ili ubaki na ya mwingine. Na mkonge wenyewe usiusahau kwenye huo mradi wako: nao ulikuja 1893, miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai sitini na ushee. Lakini mkonge hakuna aliyeuuliza babu yake.

Nimezungumza na Mama Mkubwa. Amekubali urudie, na habari ya yule mtoto yuko tayari kuisema mwenyewe, ila Mjomba asiwepo. Njoo Jumamosi baada ya alasiri, simu iwe na chaji ya kutosha, na umletee tambuu kutoka sokoni, kwa yule wa karibu na mlango wa samaki. Wa mlango mwingine anaweka chokaa nyingi, atakulalamikia saa nzima kabla hujabonyeza kitufe.

Mama yako,
Ngamiani, Tanga