Kwa unayeanza kuchunguza macho ya watu yanatazama wapi wakiwa kazini: ijue kazi kwanza

Macho hayana pazia, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini ukishapitia video za kutosha za watu waliovalishwa miwani ya kufuatilia macho, inayorekodi mtu anatazama wapi, utagundua pazia lipo, na anayelivuta ni kazi iliyo mkononi.

Mimi nilianza vibaya. Nilirekodi, nikatoa picha ya rangi inayoonyesha macho yalikaa wapi zaidi, kisha nikaikodolea nisijue inaniambia nini. Nilikuwa sijaandika hatua za kazi yenyewe. Na onyo lilikuwepo siku nyingi: Alfred Yarbus, mtafiti wa mwendo wa macho ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967, aliwaonyesha watu mchoro wa Ilya Repin akawa anabadilisha swali tu. Ukiuliza umri wa waliochorwa, macho yanazunguka kwenye nyuso. Ukiuliza hali yao ya maisha, yanahamia kwenye nguo na samani. Mchoro ni ule ule.

Kwa hiyo kabla hujawasha kifaa, ifanye kazi hiyo wewe mwenyewe, polepole, ukiandika: kushika, kunyanyua, kumimina, kuweka. Michael Land na wenzake walipofuatilia watu wakitengeneza chai (1999), macho yalikifikia kila kitu kama nusu sekunde kabla ya mkono kuanza kukishughulikia, na mara nyingi yaliondoka mkono ukiwa bado unamalizia. Vitu visivyohusika vilikuwa kama havipo.

Hiyo nusu sekunde itakusumbua kuliko unavyodhani. Mkono unaweka birika chini, jicho limeshafika kwenye kikombe, nawe unaandika “amekengeuka”. Hajakengeuka, amekutangulia. Niliwahi kurudia wiki nzima ya uchambuzi kwa kosa hilo, na sina wa kumlaumu.

Kuhusu kifaa nina moja tu. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali kabisa ni ndogo, kama upana wa ukucha wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Miwani ikiteleza kidogo puani, mtazamo wa kwenye kisu unasomeka uko kwenye ubao. Hakiki usahihi mwanzoni, katikati na mwishoni, hata mshiriki akinuna.

Halafu chunga maneno yako. Andika “jicho lilitua kwenye kikombe”, usiandike “alikiona kikombe”. Katika jaribio la wanasaikolojia Simons na Chabris la mwaka 1999, karibu nusu ya watu waliokuwa wakihesabu pasi za mpira hawakumwona aliyevaa vazi la gorila akikatiza katikati ya wachezaji. Daniel Memmert alipolirudia akifuatilia macho ya watazamaji, alikuta wasiomwona walikuwa wamemtazama kwa muda sawa na waliomwona, kama sekunde moja.

Ukimhoji mshiriki baadaye, mwulize alikuwa anafanya nini. Ukimwuliza alitazama wapi atakujibu kwa uhakika kabisa, kisha video itamkana.