Boti ya nje

Mwanangu, wa alaykum salaam. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Waniuliza ununue boti ya mashine uende ukavue nje ya mwamba, ati kwa vile ghuba ya Manda ishakwisha samaki. Ntakujibu, lakini hilo neno "nje" limenikaa rohoni.

Bahari ni moja. Nakwambia hivi tangu hujajua kuogelea.

Yule kaa wa babu yako si wamjua, ila sikukwambia yote. Tulikuwa mbali, Manda imebaki kamstari tu, tunavuta wavu wa jarife, akaja kaa koko jike, kaa wa matopeni kabisa, kanasa kwenye maji ya kina. Babu akampindua, chini ya tumbo mayai yamejaa tele, madogo kama mchanga, rangi ya chungwa. Akanambia huyu katoka mikokoni kwetu kuja kuzalia huku, watoto wakipata nguvu watarudi ndani na maji kujaa, mwachie. Mimi nikamfunga magando kwa ukindu nikaenda kumuuza hotelini. Babu hakunisemesha mpaka tumefika nyumbani. Ile rangi naiona mpaka leo.

Na kamba ni vivyo hivyo, wanataga nje, vichanga vinalelewa mikokoni, wakikomaa wanatoka tena. Samaki changu naye, mdogo yuko kwenye nyasi za ghubani, mkubwa ndio wamkuta mwambani. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huku kwetu Lamu, sasa ikikatwa, na nyavu za matundu madogo zisombe vichanga, boti yako itavua nini huko?

Lakini kusema kweli, vijana wote wakibanana ghubani na majuya, hizo nyavu za kukokota, si ndio wanaimaliza zaidi, labda mkitoka itapumua, hapo hujakosea. Ila upepo wa kusi ukivuma je? Bahari haitoki mtu, utarudi humu humu, na mkopo wa boti unadaiwa kila mwezi. Bahari ni moja mwanangu.

Jibu langu ninalo, limenifika hapa kooni, lakini mamako kanikataza kukuamulia na pesa ni zako. Ukija Idi tushuke mkondoni maji yakipwa, nikuonyeshe vichangu vilivyojaa kwenye nyasi, urefu wa kidole. Kabla ya hapo usimpe mtu arubuni.

Babako