Choo cha Ploti Kinasingiziwa

Daktari, mume wangu amepatikana na kisonono. Anaapa alikitoa kwenye choo cha ploti, tunachotumia nyumba kumi. Nimwamini? – Mama wa wawili, Kayole

Mama, choo hakina hatia. Vijidudu vya kisonono huishi kwenye joto na unyevu wa mwili. Vikidondoka kwenye saruji na kukauka, hufa upesi. Hata vikiwa hai, vingelazimika kuingia njia ya mkojo. Kugusa ngozi ya paja hakutoshi. Na vyoo vingi vya ploti zetu ni vya kuchuchumaa, kwa hiyo hata hayo mapaja yaligusa wapi?

Hata hivyo, usigeuze karatasi ya maabara kuwa hati ya mashtaka. Mtu anaweza kukaa na maambukizi muda mrefu bila dalili, kwa hiyo karatasi hiyo haisemi nani alianza wala lini. Cha haraka sasa ni wewe kupimwa, hata kama huhisi chochote: kwa wanawake wengi kisonono hunyamaza huku kikipanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Mtibiwe wote wawili, kisha mkae siku 7 bila kukutana kimwili, la sivyo mtarudishiana. Kliniki ya Casino pale River Road imezoea mambo haya. Hakuna atakayekukodolea macho. Mazungumzo ya ndoa yaje baadaye, ila msiyaruke.

Kila nikitumia vyoo vya kulipia mjini, mkojo unanichoma. Nimeambukizwa? – Mwanafunzi, Ngara

Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo mara nyingi huletwa na bakteria wa utumbo wako mwenyewe. Wasichana wengi hubana mkojo kutwa nzima kwa kuogopa vyoo hivyo, na kubana huko ndiko kunakowaponza. Kunywa maji, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na usioshe ndani kwa sabuni. Lakini klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, nayo huchoma. Pima kabla ya kukimbilia duka la dawa.

Kinyozi wangu hutumia mashine moja kwa wateja wote. Naweza kupata Ukimwi? – Kijana, Githurai

Virusi vya Ukimwi ni dhaifu nje ya mwili, na sijaona sababu ya kukosa usingizi juu ya mashine. Mimi ningehofia zaidi homa ya ini aina ya B, ambayo pia huambukizwa kwa ngono. Virusi vyake vinaweza kubaki hai siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka, hata tone usiloliona. Kupitisha pamba yenye spiriti mara moja si hakikisho. Dai wembe mpya, au nenda na mashine yako. Kinyozi akinuna, wapo wengine mtaani. Wembe na mswaki wa nyumbani pia si vya kuazimana. Chanjo ya watoto dhidi ya ugonjwa huu iliingia kwenye ratiba ya Kenya mwaka 2001. Ukiwa ulizaliwa kabla ya hapo, ulizia dozi zako 3.

Chupi za mitumba za Gikomba zina kaswende? – Mteja wa kudumu

Hapana. Chawa wa sehemu za siri na upele ndio wanaoweza kuhama kwa nguo au matandiko, lakini wakikosa mwili hufa ndani ya siku chache, na beli (furushi la mitumba) hukaa baharini wiki kadhaa. Fua kwa maji moto, anika juani, piga pasi, uvae.